Boti Mbili na Punda wa Kuhama

Mwanangu, katika siku zote nilizotembea juu ya ardhi hii, na nimetembea nyingi, ninayoikumbuka kuliko zote ni ile Jumamosi niliyofunga boti kwenye kisiki kando ya Ziwa Basotu, nikawasha injini ili nione kama ina nguvu ya kuvuta. Usicheke bado. Ngoja nikueleze nilifikaje pale, halafu tutacheka pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Masieda, kule Mbulu, ambako mtu akitaka kuona maji mengi husubiri mvua ijaze korongo. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa, na mwalimu alinipenda. Niliacha kwa sababu malori yalikuwa yanapita barabarani yamejaa mahindi na mimi nilitaka kujua yanakwenda wapi. Nikalifuata moja hadi Babati. Babati nikaona jingine linaelekea Singida. Ndivyo ujana wangu ulivyokwenda. Nimevuna mpunga Magugu, nimechimba Mererani, nimekuwa utingo, nimechoma matofali, nimechunga mbuzi wa watu. Kila mashine niliyoikuta nilitaka kuifungua nione ndani kuna nini, na kila kilima nilitaka kujua ng'ambo yake kuna nini. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Mimi yangu nusura niimalize.

Mama hakunigombeza. Mara chache niliporudi Masieda alinipikia, akanifulia shati, akaniuliza kama kule nilikotoka watu wana ng'ombe. Lakini kila nilipomwambia, "Mama, njoo unitembelee," alinipa jibu lile lile.

"Nije wapi? Mtu asiye na kwake hatembelewi. Siku ukiwa na kwako, nitakuja."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekuambia mvua bado.

Ikapita miaka. Baba akafariki, ndugu zangu wakaoa na kuolewa, Mama akabaki peke yake na magoti yake yanayouma. Mimi nikaja kufanya vibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano upande wa Hanang, na huko nikakutana na Paskalina, binti wa wakulima wa Gendabi. Mwanamke yule alinitazama siku ya kwanza akaniuliza, "Wewe, unakaa au unapita?" Nikasema ninakaa. Sijui neno lile lilitoka wapi, lakini nilikaa. Tukajenga nyumba ya matofali ng'ambo ya ziwa, mkabala na senta ya Basotu, tukapata watoto wawili. Ndipo nikatuma ujumbe Masieda kwamba sasa nina kwangu. Mama akajibu kwa maneno mawili. "Nitakuja nione."

Neno hilo, "nione", liliniondolea usingizi. Nilijua anakuja kupima. Akiona ni kwa mtu aliyetulia, huenda angekubali kukaa nasi, asizeeke peke yake kule mlimani. Akiona ni kambi nyingine ya mzururaji, angekunywa chai, angewabariki watoto, na angerudi zake, na safari ya pili isingekuwapo. Kwa hiyo nilitaka atakapokuja akute kitu. Na kitu chenyewe kilikuwa kimenijia mkononi.

Miaka ile mambo yalikuwa yanabadilika, mwanangu. Mashamba ya ngano yaliyokuwa ya serikali yalikuwa yanasimama, mitambo inauzwa, kila mtu anafanya biashara. Mkoa wetu ndiyo kwanza ulikuwa umetengwa na Arusha, tunajifunza kujiita watu wa Manyara. Wageni waliowahi kufanya kazi mashambani walikuwa wameacha boti mbili ndogo za injini, walizokuwa wakitembea nazo ziwani na familia zao siku za mapumziko. Tajiri mmoja kutoka mjini alinunua vyuma vyote chakavu, na boti zile zikawa ndani ya mzigo wake. Mimi nilimfanyia kazi ya kufungua mitambo msimu mzima. Tulipomaliza akaniita.

"Fundi, umenifanyia kazi safi. Chukua boti moja, unayoipenda mwenyewe. Nyingine inapanda lori Jumatatu kwenda Babati. Chagua vizuri, maana mimi sirudi tena huku."

Jioni ile nikamwambia Paskalina kwamba kila Jumapili baada ya ibada tutakuwa tunatoka ziwani, mimi na yeye na watoto na Mama, kama walivyokuwa wakifanya wale wageni.

"Mama yako atoke Masieda aje apande juu ya maji?" akauliza.

"Atapanda."

"Haya. Chagua inayofaa, basi."

"Ya kuchagua ninaijua," nikasema. Na kweli nilikuwa nimeshachagua moyoni. Macho yangu ndiyo yaliyochagua, mimi nikayafuata.

Moja ilikuwa nyekundu, ya faiba, nyembamba, pua yake imechongoka kama ya swala. Ilikuwa na kioo mbele na usukani kama wa gari. Injini yake ilikuwa kubwa, na ukiiwasha ndege wote wa ziwani waliruka. Ya pili ilikuwa ya bati la alumini, pana, chini bapa, imebonyea hapa na pale kama sufuria ya shule. Ilikuwa na mabenchi matatu ya mbao na makasia mawili, na injini ndogo ya kuwasha kwa kamba, ambayo unaiongoza kwa mkono ukiwa umekaa nyuma. Haikuwa na kioo wala usukani. Ungeiona usingegeuza shingo.

Sasa, sisi watu wa Mbulu ng'ombe wa jembe hatumnunui kwa macho peke yake. Unamfunga gogo zito, unampigia mluzi, unatazama anavyoweka mabega. Anayevuta gogo bila kugeuka nyuma, huyo ni wa kwako. Mimi nilijisifu kwamba ninajua kujaribu kitu. Kwa hiyo Jumamosi ile, siku mbili tu kabla ya lori kuja, nilichukua kamba ya katani, nikafunga ncha moja kwenye kisiki cha mgunga kilichokuwa ukingoni na nyingine kwenye boti nyekundu, nikaingia, nikawasha, nikakanyaga mafuta yote.

Kamba ilikaza, ikalia, ikakatika. Boti iliruka kama imechomwa mkuki, mimi nikaanguka chali kwenye kiti, na sikusimama mpaka katikati ya matete. Nilipotoka huko nimejaa majani kichwani nilikuwa nacheka peke yangu kwa furaha. Nikafunga kamba upya, nikajaribu ile ya bati. Hiyo ilivuta taratibu, inanguruma kama paka aliyeshiba. Kamba haikukatika. Kisiki hakikutikisika. Nikaitazama kwa huruma, kama unavyomtazama ng'ombe mzee mnadani.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"We Mbulu! Hicho kisiki kimekukosea nini?"

Alikuwa Mzee Gidahoda, Mbarabaig wa Getanuwas, ambaye alileta ng'ombe wake kunywa pale kila walipochungwa upande wetu. Mrefu, shuka yake nyeusi begani, fimbo mkononi, miguuni makatambuga ya tairi. Mzee huyu alitujua. Paskalina alipojifungua mtoto wa kwanza, maziwa yalitoka kwake, kibuyu kizima, bila sisi kuomba. Nikashuka haraka, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuuliza habari ya kisiki."

"Najaribu boti, mzee. Naangalia ipi ina nguvu."

"Utalimia?"

"Hapana, mzee."

"Sasa?"

"Ni ya kutembea na familia. Mama yangu anakuja kutoka Masieda."

Akaitazama boti nyekundu, akaitazama kamba iliyokatika, akanitazama mimi na majani yangu kichwani.

"Mama yako ni mzee?"

"Mzee, ndiyo. Mimi ni mtoto wake wa sita."

"Magoti?"

"Yanamsumbua."

"Na anakimbizwa na nani?"

Sikumwelewa. Akarudia polepole, kama anamfundisha mtoto kuhesabu ndama. "Nauliza, mama yako anakimbizwa na nani, mpaka umtafutie kitu cha kukimbia?"

Mwanangu, nilikuwa nimefungua na kufunga injini ile mpaka nikaijua kila boliti. Swali hilo moja sikuwahi kujiuliza. Nikabaki nakuna kichwa. Mzee akasimika fimbo yake mchangani, akaiegemea, na ng'ombe wakaendelea kunywa.

"Sikiliza, Mbulu. Sisi tukihama tunapakia punda. Kuna punda wa kubeba ngozi na vijiti, huyo hata akiruka haidhuru. Lakini kuna punda wa kubeba vibuyu vya maziwa, na wa kubeba bibi asiyeweza kutembea. Huyo hatumchagui akikimbia. Kila punda anakimbia, mwonyeshe fisi tu. Huyo tunamchagua akipakiwa. Unamwekea mzigo upande mmoja, makusudi, halafu unaenda zako kama umesahau. Anayeruka, muache. Anayesimama na mzigo wa upande mmoja akakungoja ulete wa pili, huyo ndiye wa mama."

"Lakini mzee," nikasema, maana kijana hakosi lakini, "boti siyo punda."

"Kweli. Ukianguka kutoka kwa punda unaangukia mchanga."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka macho yangu yanalowa. Ujue watu wa Mzee Gidahoda siyo watu wa ziwa. Samaki hawali, na maji kwao ni ya ng'ombe kunywa, siyo ya mtu kwenda kutembea juu yake. Mzee mwenyewe hakuwahi kuingia ziwani kupita ugoko. Akavua makatambuga, akayapanga vizuri juu ya kisiki, akaniambia, "Ilete hiyo nyekundu. Usiiwashe. Iache isimame."

Nikaileta. Akaingia majini, uso umekaza, akaweka mguu mmoja juu ya ukingo wa boti kama anavyoweka mtu asiyezoea, uzito wote upande mmoja.

Boti ile haikungoja. Ilipinduka ubavu, ikamrusha, na Mzee Gidahoda, mwenye ng'ombe wengi na wake watatu, akakaa kitako ndani ya ziwa, maji yamemfika kifuani. Ng'ombe wote waliinua vichwa. Mimi nilihisi dunia imenishukia. Kumwangusha mzee! Nikarukia majini, namshika mkono, "Nisamehe mzee, nisamehe."

Akanisukuma mkono. Alikuwa anacheka.

"Umeona?"

"Nimeona, mzee."

"Umeona nini?"

"Umeanguka, mzee."

"Mjinga wewe. Mimi sijaanguka. Mama yako ndiye aliyeanguka."

Nikamwona Mama pale pale, kitenge chake kimeelea, mkono wake unatafuta pa kushika, na mimi niko mbele nimekamata usukani na kutazama mbali kupitia kioo.

Hata hivyo ujana ni ugonjwa, mwanangu, na dawa yake haifanyi kazi kwa kijiko kimoja. Nikajaribu tena. "Lakini mtu akishaizoea..."

"Atazoea lini? Kabla ya kuanguka au baada?"

Akainuka, shuka inachuruzika, akaifuata ile ya bati mwenyewe. Akapanda vile vile, vibaya, mguu mmoja ukingoni. Boti ikazama kidogo upande ule, kama anayeitikia salamu, ikasimama. Akapanda na mguu wa pili, akasimama upande huo huo mmoja, ameegemea fimbo yake, maji yanamtiririka miguuni, kama amesimama zizini kwake asubuhi. Boti ilitulia tuli.

"Huyu hapa," akasema. "Mbaya wa sura. Mwenye adabu."

Akashuka, akavaa makatambuga yake, akawapigia mluzi ng'ombe wake, akaondoka amelowa. Hakudai shukrani. Hata sikumbuki kama nilimshukuru siku ile, na ndiyo maana ninamshukuru leo mbele yako.

Jumatatu lori lilipakia boti nyekundu. Tajiri alinitazama nimesimama na ile ya bati akacheka mpaka akajishika tumbo. "Fundi, umeacha gari umechukua baiskeli!" Wavuvi wa pale senta nao hawakuniachia. Siku hiyo hiyo wakaipa jina, Karai. Kila nilipopita walipiga kelele, "Fundi, leo unafulia nguo za nani?" Nilijibu kwa mzaha, lakini ndani iliniuma. Lori lilipoondoka nililitazama mpaka vumbi likatua, na mguu mmoja ulitaka kulikimbilia, kama ulivyozoea kukimbilia malori tangu darasa la tano. Nikajikumbusha kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba kutangulia siyo kufika. Hizo methali nilizijua tangu utoto. Siku hiyo ndiyo nilizihitaji.

Boti nyekundu sijui iliishia wapi. Sitakudanganya kwamba ilizama, eti ili hadithi yangu inoge. Huenda ilipata kijana asiye na mzigo, wakaelewana sana. Kila punda ana safari yake.

Ijumaa iliyofuata Mama akaja. Alipanda gari hadi Haydom, na kutoka Haydom lori la mahindi hadi senta ya Basotu. Nilikwenda kumpokea na Karai, nimeipangusa inang'aa. Akaiangalia, akaangalia ziwa, akasema, "Hapana, mwanangu. Maji yale yana wenyewe, na sijawasalimu." Ikabidi nitafute mkokoteni wa ng'ombe tuzunguke ziwa, safari ya jioni nzima. Lakini kilichonishtua ni mzigo wake. Alikuwa na jogoo mmoja, maharage ya zawadi, na kifurushi kidogo cha nguo, kitenge kimoja tu cha kubadilisha. Ni kifurushi cha mtu anayelala siku mbili. Paskalina naye alikiona. Tulitazamana.

Jumamosi Mama alikagua. Aliangalia jiko, akaangalia banda la mbuzi, akagusa ukuta wa nyumba kwa kiganja kama anagusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Hakusifu, hakulaumu. Usiku nilimsikia akimuuliza Paskalina, "Huyu analala hapa kila siku?" Paskalina akajibu, "Kila siku, mama."

Jumapili baada ya ibada nilimwomba tena twende ziwani. Nilimwomba kama mtoto. Akakubali kufika ukingoni tu. Pale alisimama muda mrefu. Alisali sala yake ya kanisani kwa sauti ya chini, na alipomaliza akang'oa majani mabichi, akayachovya kwenye maji, akayaacha yaelee kuwasalimu wenye maji, kama tulivyofundishwa utotoni kutofika kisimani kwa kelele na fujo. Kati ya mambo hayo mawili yeye hakuona ugomvi, na mimi sijawahi kuuona.

"Haya," akasema. "Inapandwa wapi?"

Watoto walikuwa wameshakaa. Paskalina alikuwa mbele. Kabla sijampa mkono, Mama akaweka mguu mmoja ukingoni, ule mbovu, uzito wake wote upande mmoja, sawasawa kabisa na alivyofanya Mzee Gidahoda.

Karai ikazama kidogo. Ikasimama. Ikamngoja alete mguu wa pili.

Akakaa kwenye benchi la kati, akajifunga kitenge, akatukuta wote tumemkodolea macho.

"Mbona mnanitazama hivyo? Nimekaa vibaya?"

"Umekaa vizuri, Mama," nikasema.

Tukaenda taratibu. Injini ile ndogo haikumzuia mtu kuzungumza. Mtoto mkubwa alikuwa anachovya vidole majini, mdogo ameshalala mapajani kwa bibi yake. Viboko walikuwa mbali, upande wao, na sisi kwa mwendo ule hatukumshtua yeyote. Tulipofika katikati Mama akainua mkono, "Zima kidogo." Nikazima. Mwanangu, kuna kimya cha katikati ya ziwa ambacho sikuwahi kukikuta popote katika kuzurura kwangu, na nilikuwa nimetafuta vitu vingi kwa kelele. Mlima Hanang ulikuwa umekaa mbele yetu na wingu lake.

"Kumbe ziwani mlima unaonekana wote," Mama akasema. Halafu akaongeza, "Baba yako alikuwa anasema huyu atakuja kuwa dereva wa lori. Hakujua atakuwa dereva wa karai."

Nikashangaa. "Nani amekuambia jina hilo?"

"Nimelisikia senta. Nilifikiri wanakutukana. Sasa nimeona ni jina zuri. Karai linabeba." Akampangusa mtoto mate kwa ncha ya kitenge. "Chombo hiki nimekipenda. Hakina haraka."

Mimi nilishika kamba ya kuwashia, sikuivuta.

"Ukipata mtu anayekwenda Masieda," akasema, akitazama maji, "mwambie kaka yako aniletee jiwe langu la kusagia. La mkeo ni jepesi, halisagi mtama vizuri."

Hilo ndilo alilosema, mwanangu. Hakusema "nitakaa". Hakusema "sasa una kwako". Paskalina aligeuza uso upande wa pili, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Kwetu mwanamke haachi jiwe lake mahali na yeye akalala pengine. Jiwe likihama, mwenyewe amehama.

Jiwe lilikuja na lori la mahindi. Lilikuwa zito kama ndama. Pale senta tulilibeba watu wanne, wavuvi wale wale walionicheka, na tukalitua kwenye Karai, na kwa kuwa mikono ilichoka tukaliweka upande mmoja. Boti ikainama, ikasimama, ikangoja. Na kumbe Mzee Gidahoda alikuwa pale na ng'ombe wake. Akanyoosha fimbo.

"Mnamwona punda huyo?" akawaambia wavuvi, kama yeye ndiye aliyemzaa. "Nilianguka ziwani kwa ajili yake."

Mama aliishi nasi miaka mingi. Yeye na Mzee Gidahoda wakawa watani wakubwa. Mama alimtumia togwa ya mtama uliosagwa kwenye jiwe lile, na mzee alimrudishia kibuyu cha maziwa na salamu kwamba amwambie mwanawe aache kuwafunga kamba visiki. Mzee hakuingia ziwani tena. Alisema mara moja inamtosha mtu mzima. Mzee alipofariki, Mama aliomba apelekwe ng'ambo na Karai kwenda kuwapa pole wanawe, na njiani aliimba wimbo wa kanisani polepole kuliko kawaida. Sasa Mama naye ametangulia. Jiwe lake liko kwangu. Karai nayo iko pale ukingoni, imebonyea zaidi, nami nimebonyea pamoja nayo.

Basi, mwanangu, neno langu ni hili. Utakuja kuchagua vitu viwili vinavyofanana na vile vyangu, na siyo lazima viwe boti. Itakuwa pikipiki, au kiwanja, au kazi, au mtu wa kuishi naye. Kimoja kitakuwa kinakuita kwa rangi na ngurumo, na kingine kitakuwa kimenyamaza. Usikimbilie kuuliza kipi kina nguvu. Uliza kwanza nani atapanda. Mkumbuke mdhaifu kuliko wote katika msafara wako, mwenye magoti mabovu, mwenye usingizi, mwenye hofu, halafu chagua kwa miguu yake, usichague kwa macho yako. Kijaribu chombo kikiwa kimesimama, na kijaribu kikiwa na mzigo upande mmoja, maana maisha hayapakii mizigo pande zote mbili kwa wakati mmoja. Na ukicheka kwamba kinachotulia ni karai, cheka tu, lakini lipande.

Na jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Ukimpata mzee aliye tayari kulowa ili wewe usikosee, mshukuru angali hai, shuka yake ikiwa bado inachuruzika. Mimi nilichelewa, nikabaki kuyasema haya kwako.

Nakuombea ardhi iwe tulivu chini ya mguu wako na maji yakupokee kwa upole. Mvua ikunyeshee taratibu, siyo ile inayobeba udongo. Ng'ombe wako wapate maziwa, shamba lako lipate mtama, na mlango wako ufunguke mama yako akija na kifurushi kidogo, na ufunguke zaidi siku jiwe lake litakapofika.